William Farr na Daftari la Mauti

Mtu akifa huulizwa mambo mawili: amekufa lini, na amekufa na nini. Swali la kwanza hujibiwa upesi. La pili aghalabu hujibiwa kwa neno la kukata mazungumzo, kwamba marehemu alikuwa mgonjwa, au kwamba siku zake zilikwisha. Na neno hili la mwisho ni kweli kwa kila maiti. Lakini mwenye kutaka kujua kwa nini mtaa huu unazika watoto wake na mtaa wa pili unawalea, jibu hilo halimfai kitu. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyekaa katika ofisi moja karibu miaka 40 akiuliza swali lile la pili juu ya taifa zima, na kuandika majibu yake daftarini.

Kupambanua maradhi na maradhi si elimu mpya. Wengi wa wasomaji wetu wamesikia habari za Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad, ambaye zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alitunga risala ya kutenganisha ndui na surua. Al-Razi alimtazama mgonjwa kitandani, akazisoma dalili za mwili wake. William Farr, ambaye ndiye mada yetu, hakuwatazama wagonjwa wengi katika umri wake. Yeye aliwatazama wafu, tena maelfu kwa maelfu, kwa njia ya karatasi.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1807 katika kijiji cha Kenley, jimbo la Shropshire, nchini Uingereza. Wazazi wake walikuwa maskini. Akiwa bado mtoto mdogo alichukuliwa na mzee mmoja wa pale mwenye nafasi, jina lake Joseph Pryce, akamlea na kumsomesha; na mzee huyo alipofariki alimwachia urithi wa pauni 500. Kijana alikwisha kuanza kufanya kazi katika hospitali ya mji wa Shrewsbury. Kwa fedha zile akasafiri kwenda Paris, na huko alikaa miaka miwili akihudhuria darasa za matabibu wakubwa wa zama hizo. Mmoja wao alikuwa Pierre Louis, aliyefundisha jambo ambalo wengi waliliona ni la ajabu: kwamba dawa haihukumiwi kwa sifa zake wala kwa umri wa mwenye kuitoa, bali kwa kuhesabu ni wagonjwa wangapi waliopona na wangapi waliokufa. Farr akarudi London, akasoma zaidi, na mwaka 1832 akapata ruhusa ya kufanya kazi ya utabibu. Mwaka uliofuata akaoa, akafungua mlango wake kungojea wagonjwa. Wagonjwa hawakuwa wengi. Akawa akiandika makala za tiba na hesabu ili apate riziki, na mwaka 1837 mkewe akafariki kwa kifua kikuu.

Mwaka huo huo ndio uliomfungulia njia. Zamani vifo vya Uingereza viliandikwa na makanisa, tena yaliyoandikwa ni mazishi, si vifo, na wasiokuwa wa kanisa la serikali wengi wao hawakuingia. Mjini London kulikuwa na taarifa za kila juma zenye sababu za vifo, lakini waliokwenda kuwakagua maiti walikuwa vikongwe walioajiriwa kwa ujira mdogo, na sababu walizozitoa ni za kuchekesha kama si kwamba kila moja ina mtu wake kaburini. Kuna watoto ambao taarifa hizo husema kwamba waliuawa na meno. Kuna waliokufa ghafula, na ghafula ndiyo sababu yenyewe. Basi ikatungwa sheria mwaka 1836 kwamba kila atakayezaliwa na kila atakayekufa katika England na Wales aandikwe na serikali, na tarehe 1 Julai 1837 kazi ikaanza chini ya Msajili Mkuu. Mara makaratasi yakaja kwa mamia ya maelfu, wala hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Akatafutwa mwenye kujua tiba na hesabu pamoja. Akapatikana Farr.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba majina hayakuwa na mpango. Maradhi mamoja yaliitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja likabebeshwa maradhi matatu. Tabibu mmoja aliandika homa, mwingine akaandika udhaifu, wa tatu akaandika dalili iliyotokea mwishoni akaacha asili ya ugonjwa. Farr alieleza kwamba katika elimu ya maradhi majina yana kazi ile ile ya vipimo na mizani katika elimu nyingine. Hapa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Wenye maduka wawili, mmoja akipima kwa pishi kubwa na mwenziwe kwa pishi ndogo, kisha ukataka kujua mji mzima umeuza mchele kiasi gani, utajumlisha nini? Katika ripoti ya kwanza, iliyotoka mwaka 1839, akatoa mpango wake. Aliyagawa maradhi mafungu makubwa: yale yanayoenea kwa watu wengi kwa pamoja, yale yanayompata mtu mmoja mmoja, ambayo aliyapanga kwa kiungo cha mwili yanachokishika, na vifo vya ajali na jeuri. Lile fungu la kwanza baadaye alilipa jina lenye asili ya Kiyunani, maana yake ni kuumuka kama unga uliotiwa hamira, kwa kuwa alidhani kwamba sumu ya maradhi hufanya kazi katika damu namna hiyo. Dhana ile imekwisha kupita. Fungu lenyewe lilifaa, kwa sababu lilikusanya mahali pamoja maradhi ambayo serikali inaweza kuyazuia kwa maji safi, mitaro na nafasi ya watu kuvuta pumzi.

Mwaka 1845 matabibu wakapelekewa vitabu vya karatasi zilizopigwa chapa, ili kila mmoja ajaze sababu ya kifo cha mgonjwa wake, na ilipofika 1874 sheria ikawalazimisha. Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo la makarani. Sisi huzika upesi, na ni vyema. Lakini aliyefia nyumbani mara nyingi huzikwa pamoja na jina la ugonjwa wake, na kibali cha mazishi huombwa kwa kutaja neno la kwanza linalomjia ndugu mdomoni. Mwaka ukipita, mwenye kutaka kujua ni akina mama wangapi wa mtaa wetu waliokufa katika uzazi hatapata pa kutazama.

Ripoti ile ya kwanza haikupita kwa salama. Miongoni mwa vifo kama 148,000 vya miezi sita ya mwisho ya mwaka 1837, Farr aliandika vifo 63 kuwa ni vya njaa. Ni vichache mno katika jumla ile. Lakini neno lenyewe lilikuwa kaa la moto. Miaka mitatu kabla yake Uingereza ilikuwa imetunga sheria mpya ya maskini, ambayo ilimtaka asiye na riziki aingie katika nyumba za maskini na kufanyishwa kazi, na katibu wa tume iliyosimamia sheria hiyo alikuwa Edwin Chadwick, mtu mwenye nguvu na mwenye kalamu kali. Chadwick akapinga. Alishikilia kwamba msaada ulikuwapo kwa kila mhitaji, na kwamba walioandika njaa walikosea. Ni dhahiri alichokiogopa: maradhi yakiitwa homa, lawama ni ya hewa na uchafu, yakiitwa njaa, lawama ni ya wenye kutunga sheria. Farr alikuwa mwajiriwa mpya asiye na jamaa wakubwa, na ingemfaa anyamaze. Hakunyamaza. Akajibu kwamba, zaidi ya hao 63, njaa huua wengi kwa mlango wa nyuma: humdhoofisha mtu, kisha maradhi mengine yakamaliza kazi, na ni hayo yanayoandikwa. Kukosa chakula akakuachia mahali pake katika orodha zilizofuata. Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi yake iliyo bora, ingawa vitabu huisifu zaidi kazi yake ya kipindupindu. Chadwick mwenyewe baadaye alifanya mengi kwa ajili ya mitaro na maji ya miji, na alizitumia hesabu za Farr kufanya hivyo.

Tena alifundisha namna ya kulinganisha. Mji mkubwa huzika wengi kuliko mji mdogo, na hilo halina maana yoyote mpaka wafu wagawanywe kwa walio hai. Farr akazoeza watu kusema ni wangapi waliokufa katika kila watu 1,000 kwa mwaka, na katika umri gani. Kwa hesabu zilizofuata sensa ya mwaka 1841 alionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa katika jimbo la Surrey aliweza kutazamiwa kuishi miaka 45 kwa wastani, wa London miaka 37, na wa Liverpool miaka 26. Nchi moja, malkia mmoja, sheria moja. Mmoja amepewa miaka 45 na mwenziwe 26. Kisha akazitafuta wilaya zilizokuwa na afya bora, akaona kwamba humo walikufa kama watu 17 katika kila 1,000. Akasema kwamba kila kinachozidi hapo ni kifo ambacho kingeweza kuzuiwa. Sheria ya afya ya mwaka 1848 ikaweka mpaka wa 23 katika 1,000: mji ukiupita, serikali iliweza kuulazimisha kuwa na baraza la afya. Hesabu ya karani ikawa hoja ya sheria.

Sasa tufike kwenye kipindupindu, kwani hapo ndipo Farr alipotiwa mtihanini na hesabu zake mwenyewe.

Wabaa ule ulipoipiga England na Wales mwaka 1848 na 1849 uliua watu zaidi ya 53,000. Farr akaandika ripoti yake mwaka 1852. Yeye, kama walivyokuwa wengi wa matabibu wa wakati wake, aliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya itokayo katika uchafu unaooza, nayo huwa nzito zaidi mahali pa chini. Akazipanga wilaya za London kwa urefu wake juu ya mto Thames. Matokeo yakawa mazuri ajabu: pale palipokuwa chini ya futi 20 walikufa 102 katika kila watu 10,000, na kadiri ulivyopanda ndivyo vifo vilivyopungua, mpaka kwenye vilima vya Hampstead ambako hawakufika 10. Nani angeona safu kama ile ya tarakimu asiamini kwamba ameikamata siri? Hesabu zilikuwa sahihi. Tafsiri ndiyo iliyokosea, kwani watu wa mahali pa chini ndio waliokunywa maji ya mto yaliyochanganyika na taka za mji, na urefu wa ardhi ulikuwa umelificha jambo la maji nyuma yake.

Tabibu mwingine wa London, John Snow, alikuwa akisema tangu mwaka 1849 kwamba sumu ya kipindupindu imo katika maji. Farr hakukubaliana naye, lakini hakumfungia mlango. Yeye mwenyewe mwaka 1853 alichapisha hesabu za vifo kwa kufuata kampuni zilizouza maji, na wabaa uliporudi mwaka 1854 akampa Snow anwani za waliokufa. Kusini mwa London kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ile ile, mara nyingine nyumba na nyumba. Moja, ya Lambeth, ilikuwa imehamisha mahali pa kuchotea juu ya mto, mbali na taka. Ya pili, Southwark na Vauxhall, iliendelea kuchota katikati ya mji. Snow akaenda mlango kwa mlango akiuliza maji ni ya nani. Katika majuma saba ya mwanzo, nyumba 40,046 za kampuni ya pili zilikuwa na vifo 1,263. Nyumba 26,107 za Lambeth zilikuwa na vifo 98. Hata hivyo kamati ya wataalamu iliyochunguza wabaa ule, na Farr alikuwa mmoja wao, haikuikubali rai ya Snow. Snow akafariki mwaka 1858, umri wake miaka 45, kabla ya kusikia kwamba amesadikiwa.

Miaka minane baadaye kipindupindu kikarudi tena. Katika kiangazi cha mwaka 1866 Farr aliona katika taarifa za kila juma kwamba vifo vimejazana upande mmoja tu, mashariki ya London, na mitaa mingine karibu haikuguswa. Mahali pa chini palikuwa pengi mjini. Hewa ilikuwa moja. Akatafuta ni nini walichoshirikiana watu wa mashariki wasichoshirikiana na wengine, akaikuta kampuni moja ya maji. Akaiandikia kampuni. Mhandisi wake akajibu hadharani, katika gazeti, kwamba hakuna maji yasiyochujwa yaliyopelekwa kwa wateja. Ndipo wakatokea wateja waliosema kwamba wamekuta mikunga katika mabomba yao, na mkunga haupiti katika kichujio cha mchanga. Uchunguzi ukaonyesha kwamba maji ya bwawa lisilofunikwa, pale Old Ford, yalikuwa yakitumiwa. Watu zaidi ya 5,000 walikuwa wamekwisha kufa. Katika ripoti yake ya mwaka 1868 Farr akaandika waziwazi kwamba ni maji. Aliyejenga hoja ya hewa kwa hesabu bora kuliko mtu yeyote, ndiye aliyeibomoa kwa hesabu zile zile, akampa haki yake mtu aliyekuwa kaburini. Wanavyuoni wangapi wamepata kufanya hivyo baada ya kusifiwa kwa kauli yao ya kwanza?

Wabaa wa kipindupindu uliofuata haukukaa mbali na kwetu. Mwaka 1869 na 1870 uliifikia Unguja na pwani hii, na tabibu James Christie, aliyekuwa akikaa Unguja, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1876 baada ya kukusanya habari kwa wafanyabiashara na watu wa misafara. Kazi yake ni ya thamani kubwa. Lakini Unguja hapakuwa na daftari la mauti, na anayetaka kujua mtaa gani ulikufa zaidi, na walikunywa kisima gani, ameukosa ushahidi huo milele.

Farr alifanya kazi pia pamoja na bibi Florence Nightingale, aliyejulikana kwa kuwauguza askari katika vita vya Crimea. Walikutana mwaka 1856, na kwa pamoja wakaonyesha kwamba askari waliokaa kambini nchini kwao, wakati wa amani, vijana waliochaguliwa kwa uzima wa miili, walikufa karibu mara mbili ya raia wa umri wao. Si kila walichofanya kilikuwa sawa. Hesabu moja ya Farr, ambayo Nightingale aliitia katika kitabu chake cha hospitali mwaka 1863, ilisema kwamba katika hospitali 24 za London walikufa zaidi ya 90 katika kila 100. Alikuwa amegawanya vifo vya mwaka mzima kwa wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja! Matabibu wakamshambulia, na walikuwa na haki. Kwa upande wa pili, Februari 1866, sotoka ilipokuwa ikimaliza ng'ombe wa Uingereza na Bunge kuingiwa na hofu kwamba itazidi tu, Farr aliandika gazetini kwamba kwa mwendo wa tarakimu itafika kileleni karibuni kisha ishuke. Alikuwa ameona mwendo kama huo katika ndui mwaka 1840. Ikashuka, ingawa sheria ya kuchinja mifugo wagonjwa nayo ilisaidia.

Kazi ya majina ilivuka mipaka ya nchi yake. Mkutano wa mataifa juu ya takwimu uliofanywa Brussels mwaka 1853 ulimtaka yeye pamoja na Marc d'Espine wa Geneva watunge orodha moja ya sababu za vifo itakayofaa nchi zote. Wawili hao hawakuafikiana: d'Espine alitaka maradhi yapangwe kwa tabia yake, Farr akashikilia mpango wake wenye kufuata viungo vya mwili. Mwaka 1855 mkutano wa Paris ukafanya suluhu kwa orodha yenye vifungu 139, na mwaka 1864 ikarekebishwa kwa mtindo wa Farr. Juu ya msingi huo Jacques Bertillon, Mfaransa, alijenga orodha aliyoitoa Chicago mwaka 1893, na tangu mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani ndilo lililoitunza. Marekebisho yake ya kumi na moja yalianza kutumika Januari 2022. Daktari wa Mombasa anapojaza leo sababu ya kifo kwa mpango huo, ugonjwa wa mapafu mahali pake, wa moyo mahali pake, ajali mbali, anafuata safu alizozichora Farr.

Mwisho wake ofisini haukuwa wa furaha. Msajili Mkuu, George Graham, alipostaafu mwaka 1879, wengi walitazamia kwamba mahali pake patapewa Farr, aliyekuwa ameifanya ofisi ile ijulikane ulimwenguni. Akapewa Sir Brydges Henniker, mtu wa ukoo mkubwa. Farr akajiuzulu mapema mwaka 1880, naye serikali ikampa nishani. Alifariki London tarehe 14 Aprili 1883, akazikwa Bromley karibu na mkewe wa pili aliyemtangulia. Na kama ilivyotaka sheria, karani wa mtaa akalifungua daftari, akaandika siku na mahali, jina, umri wa miaka 75, kazi yake, na katika safu iliyofuata, sababu ya kifo.